Dawa za njozi na tiba ya maongezi: kidonge ni rahisi, kazi iko kwa anayekaa pembeni ya kitanda



Kuna video zinazunguka sana mtandaoni. Jamaa wa Marekani au Ulaya anasimulia kwamba miaka kumi alikuwa hajiwezi kwa sonona au kwa kiwewe cha vita, akala uyoga fulani mara moja au mbili, sasa mzima. Ukishuka chini kwenye maoni, swali ni lile lile: "unapatikana wapi huo?" Nimeona niweke mambo yote sehemu moja, ili mtu akiuliza tena umtumie hii. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama dakika zako zinakaribia kuisha hapo kafe, ihifadhi kwenye flashi ukasome nyumbani taratibu.

JIBU FUPI KWANZA

Dawa hizi zinachunguzwa kweli na vyuo vikuu vyenye heshima, huo sio uzushi. Lakini kwenye majaribio hayo mgonjwa hapewi kidonge akaambiwa nenda zako. Anachujwa, anaandaliwa, anakaa na watu waliofundishwa kwa saa nyingi, halafu anafuatiliwa. Na ukiwasikiliza wanaofanya kazi hiyo, kinachowasumbua zaidi sio kupata dawa. Kinachowasumbua ni yule binadamu anayekaa pembeni ya kitanda: kafundishwa na nani, anasimamiwa na nani, na akikosea nani atajua.

1. NI DAWA ZIPI HIZI?

Kwa jina la kitaalamu zinaitwa saikedeliki. Mimi hapa nitaziita dawa za njozi. Zinazotajwa sana ni nne:

- Silosaibini, iliyomo kwenye aina fulani za uyoga. Kazi yake huchukua kama saa sita.
- LSD, ya kutengenezwa maabara. Hii hukaa hata zaidi ya saa nane.
- MDMA, ile ambayo mtaani vidonge vyake huitwa ekstasi. Haileti njozi kama mbili za kwanza. Inapunguza hofu na kumfanya mtu awe wazi kwa wenzake, ndio maana inajaribiwa kwa watu wenye kiwewe.
- Ketamini, dawa ya usingizi ya hospitali. Wengi hawaihesabu kwenye kundi hili, ila kwa dozi ndogo inamtoa mtu kwenye hali yake ya kawaida, kwa hiyo inatajwa pamoja nazo.

Tahadhari moja hapo: kidonge cha mtaani kinachoitwa ekstasi kinaweza kisiwe na MDMA kabisa. Cha kwenye jaribio kimepimwa, cha mtaani hujui unameza nini.

2. ZILITOKA WAPI?

Mwaka 1938 mkemia Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz, mjini Basel, Uswisi, alitengeneza LSD. Aliiweka pembeni mpaka 1943 ndipo akagundua kwa mwili wake mwenyewe inafanya nini. Sandoz wakaitoa kwa madaktari kwa jina la Delysid. Mwaka 1958 Hofmann huyo huyo akaichambua silosaibini kutoka kwenye uyoga wa Mexico, ambako wenyeji walikuwa wakiutumia kwenye ibada zao tangu zamani.

Miaka ya 1950 daktari Humphry Osmond, kule Saskatchewan, Canada, aliitumia LSD kuwatibu walevi wa pombe. Yeye ndiye aliyetunga hilo neno saikedeliki. Baadaye dawa zikatoka nje ya hospitali, vijana wakaanza kuzitumia ovyo, serikali zikashtuka. Marekani ikapitisha sheria kali 1970, na mwaka 1971 ukaja mkataba wa Umoja wa Mataifa uliozibana dunia nzima. MDMA, ambayo kampuni ya Merck iliiandikia hataza tangu 1912, ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1985 wakati tayari kulikuwa na wataalamu waliokuwa wakiitumia kimya kimya na wagonjwa wao.

Utafiti ukalala kwa muda mrefu. Ulianza kusikika tena kwa nguvu mwaka 2006, pale Roland Griffiths na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipochapisha utafiti wao wa silosaibini. Ile marufuku ilikuwa na gharama nyingine pia: kizazi kizima cha wataalamu kilistaafu bila kurithisha ujuzi. Walioanza upya ilibidi wajifunze wenyewe.

3. TIBA YENYEWE INAKWENDAJE?

Ina hatua tatu. Nichukue mfano wa majaribio makubwa ya MDMA kwa watu wenye kiwewe.

Maandalizi: vikao vitatu, kila kimoja dakika 90 hivi. Hakuna dawa. Mnafahamiana, mnakubaliana mipaka, mgonjwa anaelezwa kitakachotokea na afanye nini akiogopa.

Siku ya dawa: vikao vitatu, vinaachana kama mwezi mmoja, kila kimoja saa nane. Chumba ni tulivu, kuna kitanda au kochi, kuna muziki, kuna kitambaa cha kuziba macho. Wataalamu ni WAWILI muda wote. Wanaongea kidogo, wanasikiliza sana.

Kuunganisha: baada ya kila siku ya dawa kuna vikao vitatu vya kukaa na kujiuliza, hiki nilichokiona kinabadilisha nini kwenye maisha yangu? Jumla tisa.

Piga hesabu: saa 24 za dawa na saa 18 za maongezi, ni saa 42 kwa mgonjwa mmoja. Wataalamu wawili, basi ni saa 84 za kazi. Kidonge chenyewe kinakuwa kitu kidogo sana kwenye bili.

4. MATOKEO YAKOJE?

Jaribio la kwanza kubwa la MDMA lilichapishwa 2021, likiwa na watu 90. Waliopata dawa pamoja na maongezi, 67 kwa 100 hawakuwa tena na vigezo vya kiwewe mwishoni. Waliopata kidonge kitupu pamoja na maongezi yale yale, ni 32 kwa 100. Jaribio la pili, watu 104, lilitoka 2023: 71 dhidi ya 48.

Tulia hapo. Wale waliomeza kidonge kitupu, karibu nusu yao kwenye jaribio la pili walipata nafuu hiyo hiyo. Kwa nini? Walikaa saa 42 na watu wawili wanaowasikiliza kwa makini. Maongezi nayo ni dawa.

Kwa silosaibini, jaribio la watu 233 wenye sonona sugu lilichapishwa 2022. Dozi moja ya miligramu 25 ilishusha sonona ndani ya wiki tatu kuliko dozi ya miligramu 1. Ila kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu vilikuwa vingi, na mawazo ya kujidhuru yalijitokeza kwa baadhi ya washiriki kwenye makundi yote. Hivyo dawa zina matumaini, na zina meno pia.

5. UGUMU WA KWANZA: NANI ASIPEWE

Majaribio haya huwakataa watu wengi kabla hayajaanza. Mwenye skizofrenia, au ndugu zake wa karibu wanayo, kwa kawaida hapokelewi, maana dawa inaweza kuamsha ugonjwa uliolala. Mwenye bipola vivyo hivyo. MDMA inapandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo yuko hatarini.

Halafu kuna dawa kugongana. Anayemeza lithiamu akichanganya na silosaibini, kuna taarifa za watu kupata degedege. MDMA na dawa fulani za zamani za sonona zinaweza kuua. Na anayetumia dawa za kawaida za sonona mara nyingi aliombwa aziache taratibu kabla ya jaribio, jambo ambalo lenyewe linaweza kumrudisha mtu shimoni. Kwa hiyo mchujaji lazima ajue magonjwa ya akili na ajue dawa. Nia njema haimtoshi.

6. UGUMU WA PILI: SIKU YENYEWE

Mtu akiwa kwenye njozi anaweza kulia saa mbili, kupiga kelele, kuamini anakufa, au kumwona marehemu mama yake. Mtaalamu asiyefundishwa atafanya kosa moja kati ya mawili: atapaniki amchome sindano ya usingizi, au ataanza kuhubiri, kumpa tafsiri ya njozi yake.

Wanachofundishwa ni kutulia. Kaa karibu, sauti ya chini, mkumbushe yuko wapi na kwamba dawa itaisha. Usimtafsirie. Hili la kutafsiri ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu aliye chini ya dawa hizi anakuwa mwepesi mno kukubali anachoambiwa. Ukimwambia "hiyo inaonyesha baba yako alikutesa", anaweza kuamka na imani hiyo akaenda nayo nyumbani maisha yake yote, hata kama haikutokea. Familia inaweza kuvunjika kwa sentensi moja ya mtu aliyetaka kuonekana mjuzi.

7. UGUMU WA TATU: MIPAKA

Hapa ndipo penye kiini cha yote, naomba usome pole pole.

Kwenye tiba ya maongezi ya kawaida mgonjwa anaweza kusimama akaondoka. Chini ya dawa hawezi. Miguu haina nguvu, muda haueleweki, na MDMA hasa inamfanya amwamini na kumpenda aliye mbele yake. Hivyo anachosema "ndiyo" saa ile hakihesabiki kama ridhaa. Kanuni inayofundishwa ni kwamba mambo ya kugusana, hata kushikana mkono tu, yanakubaliwa kabla ya dawa. Siku ya dawa mgonjwa anaweza kupunguza aliyoyakubali, lakini sio kuongeza.

Mwaka 2015 huko Vancouver, Canada, kwenye jaribio la MDMA la hatua ya pili, wataalamu wawili ambao walikuwa mume na mke walivunja mipaka hiyo. Video za vikao, zilizotoka hadharani 2022, ziliwaonyesha wakilala na mgonjwa kitandani, wakimkumbatia na kumshikilia chini huku akiwa amefadhaika. Baadaye mume, ambaye hakuwa na leseni ya tiba, aliingia kwenye mahusiano ya kimapenzi na mgonjwa huyo akiwa bado ni mshiriki wa utafiti. Waandaaji walikiri hadharani 2019 kwamba maadili yalivunjwa. Agosti 2024 jarida la Psychopharmacology likafuta makala tatu zilizohusiana na data hizo.

Sasa ona. Walikuwa wawili, kama kanuni inavyotaka, kumbe mmoja hawezi kumripoti mwenzi wake. Kulikuwa na kamera, lakini kamera isiyoangaliwa na mtu kwa wakati haimlindi mgonjwa. Kanuni zilikuwepo kwenye karatasi. Kilichokosekana ni msimamizi anayeuliza maswali mapema.

8. UGUMU WA NNE: KILA MTU ANAJUA ALICHOMEZA

Jaribio zuri la dawa huwa mgonjwa hajui kama kapewa dawa au kidonge kitupu. Kwa dawa za njozi hilo karibu haliwezekani. Baada ya saa moja anajua, na mtaalamu naye anajua. Basi aliyepata dawa anatarajia kupona, aliyekosa anavunjika moyo, na wote wawili wanajaza fomu. Hapo unapimaje?

Hilo ni moja ya mambo yaliyoiangusha MDMA huko Marekani. Juni 4, 2024 kamati ya washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, ilipiga kura 9 kwa 2 kwamba ushahidi hautoshi kuonyesha tiba inafanya kazi, na 10 kwa 1 kwamba faida hazizidi hatari. Agosti 9, 2024 FDA ikaikatalia kampuni ya Lykos na kutaka jaribio jingine kubwa. Na kulikuwa na fundo lingine: FDA inasimamia dawa, haisimamii tiba ya maongezi. Nusu ya tiba hii iko nje ya mkono wake. Nani aandike sheria ya yule anayekaa pembeni ya kitanda?

9. MAFUNZO: WANAFUNDISHWA NINI, NA NANI?

Mwaka 2016 chuo cha CIIS cha San Francisco kilianzisha kozi ya cheti kwa wataalamu wenye taaluma tayari. Janis Phelps, aliyeiongoza, aliandika mwaka 2017 mambo sita ambayo mtaalamu wa namna hii anapaswa kuwa nayo. Kwa maneno yangu ni haya: kutulia na mgonjwa kwa huruma bila kumkimbiza, kujenga uaminifu, kuheshimu mambo ya kiroho yanayojitokeza, kujua dawa inafanya nini mwilini na akilini, kujijua mwenyewe na kuwa na maadili, na kuwa na mbinu za ziada za kumsaidia mtu.

Nchi zimeenda njia tofauti:

- Jimbo la Oregon, Marekani, lilipiga kura 2020 na vituo vikafunguliwa 2023. Mwezeshaji hahitaji kuwa daktari. Anatakiwa awe na umri wa miaka 21 na elimu ya sekondari, asome saa 120 na afanye vitendo saa 40. Kisheria hiyo haiitwi tiba, na mwezeshaji haruhusiwi kupima ugonjwa.
- Australia, kuanzia Julai 1, 2023, iliruhusu madaktari wa magonjwa ya akili waliopewa kibali maalumu waandike MDMA kwa kiwewe na silosaibini kwa sonona sugu. Lazima wapitie kamati ya maadili kwanza.
- Uswisi imekuwa ikitoa vibali kwa mgonjwa mmoja mmoja, kupitia daktari wake.

Njia moja inafungua mlango kwa wengi kwa mafunzo mafupi, nyingine inaufunga kwa wachache wenye digrii. Ya kwanza ina hatari ya watu wasiojua ugonjwa. Ya pili ina hatari ya bei kubwa kiasi kwamba maskini hafiki, na digrii nayo haimzuii mtu kuvunja mipaka.

Je, mtaalamu aionje dawa mwenyewe? Huu ni ubishi wa zamani. Miaka ya 1950 madaktari wengi walijaribu. Wanaounga mkono wanasema huwezi kumwongoza mtu njia usiyoijua. Wanaopinga wanasema daktari wa upasuaji hahitaji kupasuliwa kwanza, na aliyeionja anaweza kugeuka mhubiri wa dawa badala ya mwangalizi wa mgonjwa. Mimi naona hoja ya pili ina uzito, maana imani kupita kiasi ndiyo inayomfanya mtu asione kosa la mwenzake.

10. NA HUKU KWETU?

Tanzania, Kenya na Uganda, LSD, MDMA na silosaibini ni dawa za kulevya kisheria. Ukikamatwa nazo hutaulizwa kama ulikuwa unajitibu.

Ketamini ni habari nyingine. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 1985, na hospitali zetu zinaitumia kwenye upasuaji, maana hata pasipo na mashine kubwa inafanya kazi. Ndugu yake, esiketamini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa sonona sugu, kwa masharti: inatumika kwenye kituo kilichosajiliwa, mgonjwa anaangaliwa angalau saa mbili, na haendeshi gari mpaka kesho yake. Hata dawa iliyoruhusiwa bado inadai mtu wa kukaa pembeni.

Lakini mfano mzuri kuliko yote uko jirani. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio na digrii ya saikolojia, kwa wiki sita tu. Walijifunza kumsaidia mwenzao asimulie maisha yake kwa mpangilio tangu kuzaliwa, mpaka lile tukio baya likae mahali pake kama jambo lililopita. Walihudumiwa Wanyarwanda na Wasomali, na matokeo yalichapishwa 2008: karibu 70 kwa 100 ya waliopata tiba hiyo hawakuwa tena na vigezo vya kiwewe. Waliofuatiliwa tu bila tiba ni 37 kwa 100. Hakuna kidonge hata kimoja kilichomezwa.

Sisemi mafunzo yale yanatosha kumpa mtu dawa za njozi, hapana. Wala sio haki kulinganisha takwimu hizi na za Marekani, wagonjwa ni tofauti. Ninachosema ni kwamba ile nusu ya tiba inayoitwa maongezi tunaweza kuijenga leo, bila kusubiri FDA.

11. UKIKUTANA NA ANAYEKUUZIA "TIBA YA UYOGA"

Uliza haya, kwa adabu lakini bila aibu:

- Una leseni gani, na nikilalamika naenda kwa nani?
- Umeniuliza kuhusu moyo, presha, dawa ninazomeza na ugonjwa wa akili kwenye familia?
- Nani mwingine atakuwepo chumbani, na mna uhusiano gani?
- Kuhusu kugusana tumekubaliana nini kabla ya dawa?
- Wiki ijayo nikianza kuwaza kufa, nakupigia saa ngapi na utafanya nini?

Akikasirika, umeshapata jibu. Akisema "wewe amini tu", ondoka.

Na kama wewe unayesoma hapa ndiye unayeumia, usingoje dawa ya Marekani. Sonona na kiwewe vina tiba zilizopo sasa hivi. Hospitali nyingi za mikoa na rufaa zina kliniki ya afya ya akili. Ukiona mawazo ya kujidhuru yamekuja, mwambie mtu LEO, usilale nayo.

Nimemaliza upande wangu. Wauguzi, madaktari, wanasaikolojia mliomo humu, nikosoeni pale nilipoteleza. Na kama wewe umewahi kukaa na mtu wa kukusikiliza ukapata nafuu, tuambie ilikuwaje, bila kutaja majina. Tuchangie kwa staha.

Nawakilisha.